Mashine ya Shoti ya Kurui

Mzee aliyepiga hodi Jumatatu ile asubuhi hakuwa mtu wa mtaa wetu wa Picha ya Ndege. Suruali yake ilikuwa na matope mekundu mpaka magotini, kofia imelowa, na mkononi alikuwa na kipande cha waya alichokikunja mara nyingi mpaka kikawa kama pete. Mama ndiye aliyemfungulia. Nilimsikia mzee akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza kwenye milango mingi, kama hapa ndipo anapokaa binti aliyenunua mashine ya shoti kwa fundi wa redio wa Maili Moja.

Mashine yenyewe ilikuwa chumbani kwangu, sakafuni, mbele ya magoti yangu. Ni kiboksi cha kijani, ukubwa wa mkate, kinachofungwa kwenye betri ya sola na kupeleka shoti kali kwenye nyaya za uzio, mara moja kila sekunde, ili mnyama akigusa arudi alikotoka. Niliinunua mwezi uliotangulia. Fundi aliniambia mwenyewe kaitelekeza.

Nilitoka nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akakaa kwenye kiti alichopewa, akajieleza taratibu. Anaitwa Mwinyijuma, mkulima wa Kurui, Kisarawe. Yeye na wenzake wa bondeni walichanga wakajenga uzio wa umeme kuzuia nguruwe pori na, aliongeza huku akitazama ukutani, ng'ombe wa watu. Masika ilipoanza mashine ikafa. Wakampa mpwa wake, Salehe, ailete Kibaha kutengenezwa. Kila walipomuuliza, Salehe alisema bado iko kwa fundi. Kumbe alikuwa amekwisha kumuuzia huyo fundi, naye akaitengeneza na kuiuza. Juzi Salehe kaondoka kwao bila kuaga, simu yake haipatikani, ndipo mzee akaamua kuja mwenyewe. Fundi, kwa aibu, akamwelekeza kwetu.

Mama alileta chai. Mzee akauliza jina la baba wa nyumba hii, akaambiwa marehemu Bundala, Msukuma. Uso wake ukafunguka kidogo.

"Kumbe nimeingia kwa watani," alisema. "Babu zenu walipita kwetu na mizigo kichwani wakaomba maji. Leo mmerudi na ng'ombe, mnaomba bonde zima."

"Na maji yenyewe mliwapa ya tope," Mama alimjibu bila kuacha kukoroga sukari. "Tumerudi kudai masafi."

Walicheka wote wawili. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshaelewa kilichomleta.

Alipoweka kikombe chini utani ulikuwa umeisha. Mahindi yao yalikuwa yameanza kubeba. Nguruwe wanashuka kutoka msituni familia nzima, wanalaza mahindi na kufukua mihogo, na wanachokiacha wao kinamaliziwa na ng'ombe asubuhi. Mkewe, mtu mzima mwenye miguu mibovu, analala juu ya dungu shambani akigonga debe. Hakusema nirudishe. Alisema tu, "Mwanangu, ile ndiyo mashine yetu," akaendelea kuizungusha ile pete ya waya.

Sikumtajia pesa niliyolipa, naye hakuniuliza. Nilimweleza hali yangu kama ilivyo. Mimi na mwenzangu Mudathir tulimaliza fizikia chuo kikuu mwaka juzi. Tangu hapo mimi najitolea kufundisha sekondari, na yeye anapakia mkaa kwenye ghala la shangazi yake pale Kisarawe mjini. Tumeomba kazi kila mahali, tumeomba masomo kila mahali. Iliyotujibu ni moja tu, maabara ya ng'ambo inayochunguza namna ya kupata nishati kwa kubana hidrojeni kwa leza kubwa sana na kwa miale ya chembe za atomu. Kila mwaka wanachukua vijana, wawili wawili, kutoka nchi zisizo na vifaa hivyo. Tulikuwa tumevuka hatua zote ikabaki ya mwisho. Alhamisi saa kumi jioni tungewaonyesha kwa video, wakitazama moja kwa moja, leza tuliyoitengeneza kwa mikono yetu wenyewe ikipiga mipigo kumi mfululizo. Leza ilikuwa tayari. Kilichokuwa kinaisukuma ni mashine ya Kurui.

Mzee aliomba kuiona hiyo leza. Alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu. Hakukuwa na mengi ya kuona: karatasi ya alumini ya kufungia chakula, plastiki ngumu nyembamba katikati, juu yake vipande viwili vya fremu za madirisha vilivyotazamana, na kati yao upenyo ambao ukucha haupiti. Nilimweleza kwamba umeme ukiruka kwenye upenyo ule, hewa hii hii tunayovuta inatoa mwanga mkali ulionyooka, mfupi kiasi kwamba jicho haliwahi.

"Na huu ndio utakaobana hiyo hidrojeni?"

Nilimwambia hapana, huu hauwezi kuunguza hata unyoya. Leza zenyewe zinajaa jengo kubwa kama uwanja wa mpira. Miale mingi inatoka pande zote na kupiga kitu kimoja kidogo kama punje ya mtama, kwa wakati mmoja na kwa nguvu moja. Upande mmoja ukilegea, punje inafumukia upande huo na kazi yote inapotea. Ikibanwa sawasawa, hidrojeni iliyomo ndani inaungana na kutoa joto la aina ya jua. Wapo wanaotumia mwanga, na wapo wanaotaka kutumia chembe nzito zinazorushwa kwa kasi kubwa. Mimi moyo wangu uko kwa hao wa chembe, kwa sababu vioo vya leza kubwa vikishapiga vinahitaji kupoa kwa saa nyingi, na mtu hawezi kuwashia mji taa inayongoja kupoa.

"Kwa hiyo mnaizingira pande zote mpaka ikubali," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kama nguruwe."

"Kama nguruwe. Naye si anatafuta upande usio na mtu?"

Aliguna, akaridhika. Nadhani tangu nimalize chuo ndiye mtu wa kwanza aliyenisikiliza jambo hili bila kuniuliza litaniletea mshahara gani. Labda ndiyo maana niliahidi upesi vile. Nilimwomba aniachie mpaka Alhamisi, na Ijumaa, kabla ya swala ya Ijumaa, ningeifikisha Kurui mwenyewe.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee. Sitampa dereva, sitampa mtu wa bodaboda."

Alifikiri. Alisema wenzake wamechoka na maneno ya Salehe, na wakisikia mashine iko mikononi mwa watu wa ng'ombe watamcheka. "Lakini nitawaambia Ijumaa tukienda kuswali itakuwa imefika. Wakiuliza nani kasema, nitasema mtani wangu." Akasimama, akaniachia namba yake ya simu, akamshukuru Mama kwa chai ya tope, akaondoka.

Siku iliyofuata likatoka tangazo kwamba mtaa wetu hautakuwa na umeme kwa siku kadhaa, nguzo zinabadilishwa. Mashine ya shoti ingeweza kufanya kazi kwa betri, lakini kompyuta yangu haidumu bila kuchomekwa ukutani. Tukahamia Kisarawe. Shangazi yake Mudathir, Mwanajuma, alihamishia magunia barazani akatupa chumba kizima cha ghala. Kuta zilikuwa nyeusi. Alisema mkaa ule umetoka mbali, zamani miti ilikuwa hapo nyuma ya nyumba, sasa wanaifuata karibu na mpaka wa wilaya. Alisema hivyo bila majuto, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mimi nilitazama yale magunia nikawaza kwamba siku moja, tukijaliwa, shangazi atauza kitu kingine.

Jumatano alasiri tuliijaribu. Mudathir alitundika shati lake jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, kwa sababu nguo ya namna hiyo hung'aa ikipigwa na mwanga usioonekana. Mashine ikaanza kugonga, tik, tik, halafu mlio mkali kama kofi, na kwenye shati kikatokea kidoa cha buluu. Kikatoweka. Kikaja tena palepale.

"Oya, Aste," Mudathir aliniambia kwa sauti ndogo. "Imewaka, mwanangu."

Shangazi aliitwa aje kuona. Aliinama, akatazama kidoa kikija na kupotea. "Hiki ndicho mnachokondea?"

"Huyu bado mchanga, shangazi," Mudathir alimwambia. "Wakubwa zake ndio tunaowafuata."

Tulicheka sana siku ile. Kabla ya kufunga chumba nilimsihi shangazi jambo moja, na nilimsihi kwa ukali wa mtu anayeogopa: maji yasiingie humu hata tone. Maji na mashine hii ni kifo. Aliapa kwamba hata ndoo haitasogea mlangoni.

Alhamisi baada ya adhuhuri tulitoka kutafuta modemu ya kuazima. Tuliporudi chumba kilikuwa kimebadilika. Kulikuwa na mkeka mpya, kitambaa cha kufuma juu ya meza ya kompyuta, na sakafu imefagiliwa mpaka pembeni. Shangazi alikuwa amevaa gauni la sikukuu. Alisema wageni wa heshima hawawezi kuona nyumba yake ina takataka, hata kama wanaiona kwenye kioo. Tulimshukuru kwa dhati. Wala hatukufikiri zaidi.

Kila mwanamke wa kwetu akifagia chumba cha vumbi hunyunyiza maji kwanza. Shangazi hakunyunyiza. Mimi ndiye niliyemkataza maji. Alifagia kukavu chumba kilicholala mkaa kwa miaka, na unga wake, mwembamba usioonekana, ulipanda hewani kisha ukatua polepole juu ya kila kitu, pamoja na plastiki ya leza yetu. Mkaa unapitisha umeme. Hilo nalijua tangu kidato cha pili.

Saa kumi watu watatu walitokea kwenye kompyuta. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo mwenye nywele nyeupe, aliyesema polepole ili tumwelewe. Aliniuliza kwa nini mtu wa mahali petu ahangaike na jambo ambalo hata wao hawana hakika litawasha taa lini. Nilimjibu kwamba hidrojeni hiyo imo kwenye maji, na maji hayana mwenyewe, na kwamba sisi tunaopika kwa msitu wetu hatuwezi kukaa tukingoja wengine wamalize kutafuta. Alitikisa kichwa kukubali, akaandika. Mudathir akanibana mkono chini ya meza.

Tukawasha. Mpigo wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka. Wa tatu haukufika kwenye shati. Cheche ilitambaa juu ya plastiki, ikatawanyika kama mizizi, ukasikika mlipuko na chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Nilipogeuza bamba nikaona tundu jeusi ambalo kidole kidogo kingepita. Nikapitisha kidole kando yake. Kidole kikatoka na weusi.

Yule mama aliuliza ni nini, nikamwonyesha kidole. Hakucheka. Alisema kwao pia chembe moja ya vumbi juu ya lenzi inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Wakazima sauti, wakashauriana, nasi tukabaki tunatazama midomo yao. Waliporudi alisema kuna nafasi moja tu iliyobaki, kesho Ijumaa, saa kumi kama leo, na jioni hiyohiyo majina yatatangazwa. Nilimwomba Jumamosi. Nikamwomba kesho hiyo asubuhi. Alisema kwa huruma ya kweli kwamba hawezi, watu wengine wameshapangwa na wenzake wanasafiri. Nikauliza kama picha za video za Jumatano zingetosha. Alisema walishawahi kudanganywa kwa video.

Mudathir aliwashukuru mara nyingi. Skrini ilipozima, tayari alikuwa anakata plastiki mpya.

"Kesho kabla ya swala mashine inatakiwa Kurui," nilimwambia.

Aliendelea kukata. "Mpigie mzee. Muombe siku moja."

Nilikuwa nimeshaanza kupiga. Namba haikupatikana. Nilipiga mpaka shangazi akaniletea uji ukapoa mbele yangu, na kila mara ilikuwa sauti ileile ya yule dada wa mtandao. Nikampigia fundi wa Maili Moja. Alisema televisheni za siku hizi hazina kile kifaa cha umeme mkali ambacho kingeshika nafasi ya mashine, na za zamani alizonazo zimeungua. Mudathir akawapigia mafundi wa mjini aliowajua. Mmoja alisema labda Jumatatu.

"Basi tunabaki nayo," alisema Mudathir. "Saa kumi tunapiga mipigo yetu, Jumamosi alfajiri naipeleka mimi mwenyewe, nampigia mzee magoti. Nguruwe wamekula mwezi mzima, Aste. Wataongeza siku moja."

"Nilimwambia Ijumaa."

"Na mimi uliniambia nini? Miaka miwili tunaomba pamoja. Hii nafasi si yako peke yako kuitupa."

Alikuwa na haki. Jina lake lilikuwa kwenye ombi kama langu. Mgongo wake ndio uliokuwa unabeba magunia. Nililia, na nilivyolia nilijichukia, kwa sababu nilijua ninalia ili yeye aseme neno la kuniachia, nami nisiwe nimeamua. Hakulisema.

Shangazi alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia habari ya vumbi. Alijifunika uso kwa kanga akasema, "Ni mimi niliyefagia." Tulimwambia wote wawili, karibu kwa pamoja, kwamba si yeye. Mudathir alimkalisha, akamshika bega. Shangazi aliponyamaza aliuliza jambo moja tu, kama huyo mzee ameshawaambia wenzake. Nikasema alisema atawaambia. Akatikisa kichwa.

Mudathir hakulala. Asubuhi nilikuta leza mpya juu ya meza, plastiki safi, fremu zimepanguswa kwa spiriti, kila kitu kimefunikwa shuka. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Pembeni ilikuwa imekaa mashine ya shoti, haijaunganishwa. Alikuwa ameiacha hivyo ili mkono utakaoiunganisha au kuiondoa uwe wangu.

Nilipiga simu mara ya mwisho. Haikupatikana. Nikaifunga mashine ndani ya kanga, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Saa kumi nitakaa hapa," Mudathir alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Watatokea. Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli hauna mipigo kumi."

Alisogea akanipisha mlangoni. Jambo lingine alilolifanya nililigundua nikiwa stendi: alikuwa ameniwekea mwavuli wake kwenye mkoba.

Mvua ilinyesha njia nzima. Gari la Maneromango lilikwama mara mbili tukashuka kusukuma, nami nilisukuma kwa mkono mmoja, mwingine umekumbatia mfuko. Kila tulipokwama wazo lilinijia la kurudi. Hesabu ilikuwa nyepesi: ukigeuka sasa, unawahi. Nilipopanda bodaboda wazo likanijia tena, na hapo ilikuwa bado inawezekana. Halafu alama za mtandao zikapotea kwenye simu yangu, moja baada ya nyingine, na pikipiki ikazama kwenye tope mpaka kwenye injini. Kijana aliyenibeba akasema hapa, dada, ni kwa miguu. Nikavua viatu. Sikuwa jasiri. Nilitembea nikiwa na hasira na mzee, na Salehe, na nafsi yangu, na kila hatua ilikuwa inanipeleka mbali na kitu pekee nilichokitaka maishani.

Nilifika watu wanatawadha nje ya msikiti. Mzee Mwinyijuma alikuwa amesimama pembeni ya njia, peke yake, ameelekeza uso nilikotokea. Aliponiona hakunipungia. Alisubiri nifike karibu kabisa, nikamwamkia, akaitikia, akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Alifungua kanga akatazama, akaifunga tena.

Mtu mmoja kwenye birika la maji akauliza kama ndiye.

"Ndiye," mzee alisema. "Nimewaambia hachelewi, ila Wasukuma wanatembea kwa mwendo wa ng'ombe."

Walicheka, na mimi nikacheka. Simu yake, aliniambia, ilizima tangu Jumanne, kwani aliyekuwa anaichaji kijijini amesafiri. Sikumwambia nilimtafuta. Ningemwambia, angeuliza kwa nini.

Baada ya swala mkewe, Bi Raudha, alitupa wali na kisamvu. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na alinishika mkono akaupiga-piga. Kisha tukateremka bondeni. Niliona mahindi yaliyolazwa, mistari kwa mistari, vibunzi vimeumwa vikaachwa. Niliona pia kwato za ng'ombe kwenye udongo laini, nikajua zinaweza kuwa za mifugo ya mtu ninayemwita baba mdogo.

Kulikuwa na kazi. Chuma kilichoshindiliwa ardhini, cha kurudisha umeme, kilikuwa kimelegea, na waya wa juu umekatika mahali pawili. Mzee alishindilia chuma, mimi nikaunga waya, kwa kuwa kazi hiyo mikono yangu inaijua. Jua lilitoka kidogo, likalala upande. Sikutazama saa, lakini kivuli changu kilikuwa kimeanza kunizidi, na nilijua wakati huo wageni watatu wanatokea kwenye kompyuta kule Kisarawe, na Mudathir amekaa mbele yao katika shati jeupe, na mezani kuna leza nzuri isiyo na kitu cha kuisukuma.

"Na kile chako," mzee aliuliza, ameinama juu ya betri, "kiliwaka?"

"Kiliwaka, mzee. Jumatano."

"Basi watakuchukua."

Nilivuta waya mpaka ukakaza, nikauzungusha kwenye kizuizi chake cha plastiki. Ukateleza, ikabidi niurudie.

"Sidhani," nilisema.

Alinyanyua uso akanitazama, kwa muda mrefu, kama siku ile alipoitazama leza. Sijui aliona nini. Ng'ambo ya bonde, kwenye ukingo wa msitu, majani yalikuwa yameanza kutikisika, na Bi Raudha akachukua debe lake kwa mazoea.

"Achia waya, mwanangu," mzee alisema. "Nawasha."

Nikauachia.